Maana Mbili za Neno Mpole

Krr. Kimya. Krr, krr.

Bupe alisimama mlangoni na viatu mkononi, maji ya mvua yakimchuruzika kwenye koti. Ndani kulikuwa giza. Mlezi alikuwa na kawaida ya kuzima taa zote mtoto akishapanda kitandani, na taa haziwaki tena mpaka mwenye nyumba aseme. Sauti ile ilitoka upande wa chumbani, ndogo, kavu, kama ukucha unaopita ukutani. Krr. Kisha ubao wa sakafu ukalia chini ya mguu wake, na sauti ikakatika palepale.

"Karibu nyumbani, Mama Sekela," Mlezi akasema polepole kutoka ukutani. "Pole na mvua. Mtoto amekula vijiko vichache vya uji, amepanda kitandani bila kusumbua. Hajalia. Kuna panya chumbani."

"Bado yupo tu huyo panya?"

"Yupo. Nimekuombea mtego mwingine."

Mlezi hakuwa mtu. Alikuwa kitu bapa, cheupe, kama sahani ndogo iliyobandikwa ukutani, na sauti yake ilikuwa ya shangazi aliyeshiba. Kata ilikuwa imegawa kimoja kwa kila nyumba ya Tukuyu yenye mtoto ambaye hajaanza darasa la kwanza. Kilisikiliza pumzi za mtoto, nyayo zake, jinsi anavyotafuna, anavyoitika akiitwa, na yale ambayo wakubwa wanasema juu yake. Kisha kilipeleka yote Kituo cha Watoto. Kwa Mlezi, mama angeweza kutoka jioni bila kumbembeleza jirani. Bila Mlezi, Bupe asingekanyaga darasa la watu wazima hata siku moja.

"Tena kuna ukumbusho," Mlezi akaendelea. "Kituo kinasubiri jibu lako kuhusu uzi. Mwisho ni Ijumaa."

"Najua."

"Ukinyamaza nitawaambia bado unafikiri."

"Waambie hivyo hivyo."

Alipapasa mpaka chumbani. Sekela alikuwa amelala ubavu, uso kaelekeza ukutani, magoti kayakunja, macho kayafumba vizuri mno, kama mtoto aliyechorwa kwenye kitabu. Bupe alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mkono wake. Vidole vilikuwa baridi. Kwenye kucha kulikuwa na weupe weupe, akadhani ni unga, akaufuta kwa pindo la kitenge chake.

"Mtoto wangu mpole," alinong'ona. "Hujui hata kusumbua."

Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi sana, sokoni, kanisani, kwenye simu na baba mtoto. Alilisema kama mwingine anavyosema mtoto wake ana akili. Na kila alipolisema watu waliitikia kwa wivu kidogo: una bahati wewe, wa kwangu utadhani ana kichaa.

Lakini Kituo kilikuwa kimesema mtoto wake ana sonona. Miaka mitano, na sonona. Na kilikuwa kimependekeza uzi mnene.

Uzi wenyewe alikuwa ameshauona. Daktari Lugano wa Kituoni alimwonyesha ndani ya kichupa cha maji: mweupe, na huo mnene wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele wa mtoto. Akamweleza bila haraka. Huingizwa chini ya ngozi ya mkono kwa sindano moja. Dawa imepangwa ndani yake tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Uzi huionja damu. Ukikuta furaha imeshuka hutoa kidogo, ukikuta inatosha hunyamaza. Huyeyuka wenyewe, huu ukiwekwa sasa utaisha kiangazi. Ila ukishaingia umeingia. Kuutoa kabla ya wakati ni kumchana mtoto, na ni kuukatia ubongo dawa ghafla, jambo ambalo hakuna daktari atakayelifanya kwa kupenda.

"Wengi wanarudi kucheza," Daktari alisema. "Wapo wanaochelewa kucheka na kuchelewa kulia, kama mtu anayesikia mzaha unaosimuliwa chumba cha pili. Na wenye umri wa Sekela waliowahi kuwekewa ni wachache. Sitakuficha hilo. Ningekuwa na njia nyingine ningeianza hiyo."

Njia nyingine walikuwa wameshaipita. Msimu mzima Sekela alipelekwa kwenye chumba cha michezo cha Kituo, akapewa wanasesere na nyumba ya mbao na mtaalamu wa kucheza naye. Kila siku alifanya jambo lile lile: aliwalaza wanasesere wote, akawafunika mmoja mmoja, kisha akakaa pembeni yao. Akiulizwa, alijibu wamelala, msiwaamshe.

"Kuna jambo lolote lililobadilika nyumbani?" Daktari aliuliza wakati huo.

"Hakuna," Bupe akajibu.

Alijibu haraka. Jioni hii, amekaa gizani na mkono baridi wa mwanawe kiganjani, alilisikia tena jibu lake na jinsi lilivyokuwa haraka.

Kwa sababu jambo lilikuwepo. Mwanzoni mwa masomo, wiki zile za kwanza ambazo hata kalamu ilikuwa bado ngeni mkononi, Mlezi alimpigia katikati ya kipindi cha hesabu. Sauti ya shangazi aliyeshiba ilisikika darasa zima: Mama Sekela, mtoto analia, tafadhali rudi. Watu wazima wakageuka wakamtazama. Bupe alikimbia kilima kizima kwenye tope, akijua atakuta moto au damu. Akamkuta Sekela amekaa kitandani, mzima, anakunja uso. "Nilikuwa nakutaka tu," mtoto akasema.

Na Bupe, aliyekuwa na tope mpaka magotini, akasema: "Umenitoa darasani kwa hili? Mtoto mzuri halii ovyo. Kuwa mpole!"

Hakumpiga. Hakupaza sauti hata. Ndiyo maana alikuwa ameweza kujidanganya kwamba si jambo. Lakini tangu siku hiyo Mlezi hakumpigia tena. Kila aliporudi alipokewa na taarifa ile ile: hajasumbua, hajalia. Na yeye alikuwa akiifurahia.

*

Mama mkwe alifika Jumatano asubuhi na paka ndani ya kikapu.

"Nimesikia mna panya anayewashinda," Bibi Tumpe alisema, akikifungua kikapu jikoni. Paka akatoka, akanyoosha mgongo, akaenda moja kwa moja kulala karibu na jiko. "Huyu ni jambazi. Kwangu amemaliza panya, sasa anamalizia vifaranga."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Shule hiyo inakula watu?" Kisha akamgeukia Sekela, aliyekaa kwenye kigoda na kipande cha ndizi ya kuchemsha mkononi. "Na wewe, mke mwenza! Ugonile, umeamkaje?"

"Ndaga, Bibi," Sekela akajibu. "Shikamoo."

"Sitaki shikamoo yako. Nimekuja kukwambia yule bwana wetu jana amekuulizia. Anasema mke mdogo yuko wapi aje amkune mgongo. Nikamwambia yule mke mdogo hajui hata kupika ugali."

Bupe alisubiri. Zamani maneno kama hayo yalikuwa yakiwasha moto. Sekela angesimama juu ya kigoda, mikono kiunoni, amwambie bibi yake kwamba babu ni wa kwake peke yake, kwamba bibi amezeeka na meno yameisha, arudi kwao. Jirani wangekuja kusikiliza. Babu mtu, akiwepo, angeomba naye aulizwe anamtaka nani.

Sekela alitabasamu kwa adabu. "Msalimie," akasema, akaitazama ndizi yake.

Bibi Tumpe akakaa. Akasubiri mpaka mtoto alipotoka kwenda barazani.

"Gwakisa anasemaje?" akauliza.

Gwakisa, mume wa Bupe, alikuwa kwenye visima vya mvuke huko mlimani, zamu ya wiki kwa wiki. Bupe alimpigia palepale ili mama yake amsikie mwenyewe. Nyuma ya sauti yake mvuke ulikuwa ukifoka.

"Mimi nitasema nini, Mama Sekela? Wewe ndiye unayekaa naye. Ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema hapana, hapana. Sitakulaumu."

"Nataka unisaidie kufikiri, siyo usinilaumu."

"Nafikiri usiku kucha. Sijapata kitu. Unataka nikudanganye? Yuko wapi sasa hivi?"

"Barazani. Amekaa."

"Anafanya nini?"

"Amekaa tu, Baba Sekela."

Simu ilipokatika Bibi Tumpe alikuwa anamkuna paka kidevuni. "Sisi watoto wetu tuliwafunga uzi mkononi," alisema. "Mweusi. Mtoto akishtuka usiku, akikataa kula, unafunga uzi, unasema maneno yako, mnalala. Sijui kama ulikuwa unafanya kazi. Ulikuwa unatusaidia sisi kulala, hilo najua."

"Huu hauko hivyo, Mama. Ukiingia hautoki mpaka kiangazi. Na anaweza akabadilika. Anaweza akawa mtoto mwingine kabisa."

"Na sasa hivi ni yupi?"

Bupe akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi ambazo hazikuhitajika.

"Sijui hiyo sonona yenu ni mdudu gani," Bibi Tumpe akasema. "Sikusoma. Naweza kuwa nimekosea. Mimi ninachoona ni kwamba mke mwenzangu ameacha kunitukana. Ananipa shikamoo kama mgeni. Mtoto wa miaka mitano ananionea huruma, Bupe! Hilo ndilo linaloniudhi."

"Ni mpole tu. Baba yake pia alikuwa mpole, wewe mwenyewe ulisema."

"Gwakisa? Gwakisa alikuwa mpole kwa sababu alikuwa ameshakula sukari yote ya nyumba na anasubiri nisigundue."

Wakacheka wote wawili. Ukutani taa ndogo ya Mlezi iliwaka mara moja, ikazima, kama ilivyofanya kila iliposikia neno la kutuma. Bupe aliiona. Hakuijali.

*

Alhamisi jioni kulikuwa na Kiswahili. Mwalimu Ambokile aliandika maneno matatu ubaoni kwa mwandiko wake mzuri wa kulalia kulia: paa, kaa, mpole.

"Kila neno sentensi mbili, maana mbili tofauti," alisema. "Na msiniletee tena sentensi ya paa kapanda juu ya paa. Nimeichoka miaka yote."

Watu wazima waliinamia madaftari. Waliokuwa wametoka mashamba ya chai walinuka majani mabichi. Mwenzake wa dawati moja, Mama Asifiwe, aliyesoma ili aweze kugombana vizuri na maafisa wa ushirika, alinyoosha mkono kabla hata hajaandika.

"Mwalimu, hili la tatu umekosea. Mpole ana maana moja. Mpole ni mtu mwema, hana makuu."

"Una uhakika?"

"Mume wangu ni mpole. Akilala."

Darasa likacheka. Kutoka nyuma mzee mmoja akasimama, kofia mkononi. "Mimi ninayo ya pili, Mwalimu. Ng'ombe wangu juzi alikuwa mpole sana. Jana nimemzika."

Wakacheka zaidi, wengine wakigonga madawati. "Hiyo hiyo!" Mwalimu Ambokile alisema, akifuta machozi kwa mkono wenye chaki. "Kaa chini, umepata. Unasemaje ukimkuta mwenzako kajiinamia? Unasema, mbona leo mpole? Unamsifu? Humsifu. Unamuuliza anaumwa nini. Neno moja, mama mmoja, watoto wawili wasiofanana."

Bupe alikuwa ameshaandika sentensi yake ya kwanza. *Sekela ni mtoto mpole.* Kalamu ilikuwa imekaa chini yake, mahali pa sentensi ya pili, na haikusogea.

Akilini aliiona tena taa ndogo ya Mlezi ikiwaka na kuzima.

Hakungoja kipindi kiishe. Alifika nyumbani akihema, akasimama mbele ya ukuta kabla hata taa hazijawaka. Kutoka chumbani, krr, kisha kimya. Hakuisikia sauti hiyo, au aliisikia akaipita.

"Mlezi. Neno mpole unalielewaje?"

"Mpole," Mlezi akasema. "Dalili. Kupungua kwa uchangamfu, kunyamaza, kujitenga."

"Kila nikilisema?"

"Kila likisemwa na mtu mzima wa nyumba hii kuhusu mtoto."

"Maana nyingine hujui?"

"Hiyo ndiyo niliyofundishwa Kituoni, Mama Sekela."

Bupe alikaa chini, sakafuni, na koti lake la mvua. Akacheka huku amejiziba mdomo. Mashine ilikuwa imekosea! Mama mzima amesimama sokoni anamsifu mwanawe, na mashine inahesabu: dalili, dalili, dalili. Sifa zake zote zilikuwa zimegeuzwa ugonjwa. Hapakuwa na sonona. Palikuwa na mtoto mwenye adabu na mashine isiyojua Kiswahili cha watu. Ijumaa angekwenda kusema hapana, na angeisema kifua mbele, kwa sababu alikuwa amesoma.

Furaha hiyo ilikaa naye mpaka alipoingia chumbani kumfunika mtoto, akamkuta amejifunika mwenyewe, vizuri, mpaka kidevuni. Kama alivyokuwa akiwafunika wanasesere.

*

Daktari Lugano alikuwa mwanamke wa makamo mwenye raba za michezo na tabia ya kukaa chini mkekani akizungumza, ili mtoto asimtazame kwa kuinua shingo. Ijumaa hiyo, Kituoni, alimsikiliza Bupe mpaka mwisho. Kisha akaweka kalamu kando.

"Aibu kwetu," alisema. "Hiyo ni aibu kubwa, na nitaipeleka mbele, kwa sababu hatujui ni watoto wangapi wengine. Hebu tuliondoe hilo neno tuone."

Akaugusa ukurasa wa kioo uliokuwa magotini mwake. Sekela alikaa kati yao, mgongo karibu na ukuta, miguu kainyoosha, gauni limevutwa mpaka chini ya magoti. Kwenye kioo kulikuwa na mstari ambao Bupe aliujua, ule uliokuwa umepanda juu kabisa kwenye sehemu nyekundu. Ukatetemeka. Ukaanza kushuka, na Bupe akashuka nao, mabega yake yakilegea kidogo kidogo, mpaka mstari ulipofika katikati.

Ukasimama hapo.

"Mbona haushuki?" akauliza.

"Umemaliza kushuka."

"Katikati ndiyo nini?"

"Ni kwamba mashine haijui. Uzi mnene hauhusiki tena, nimeufuta. Mwembamba unaweza kumsaidia, au hauhitajiki kabisa. Hapo kanuni inasema mzazi aamue." Daktari akamgeuzia kioo. Chini yake kulikuwa na alama mbili za kugusa, ndiyo na hapana, zenye ukubwa sawa. "Nami naona ni haki. Lakini ni haki nzito, pole."

Kidole cha Bupe kilikuwa kimekuja na jibu tangu nyumbani. Alikinyoosha juu ya hapana. Kikabaki hewani.

"Ulipokuwa unasema mpole," Daktari aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "ulikuwa unamaanisha ile ya kwanza?"

"Ya kwanza. Nilikuwa namsifu."

"Siku zote?"

Bupe akaiona jioni ya tope, na mtoto kitandani anayemtaka tu. *Kuwa mpole.* Hiyo ilikuwa maana ipi? Aligundua kwamba haikuwa ya kwanza wala ya pili. Ilikuwa ya tatu, ambayo Mwalimu Ambokile hakuiandika ubaoni: nyamaza, ili mimi niweze kwenda.

"Kuna kitu sikukwambia," alisema.

Akamwambia. Aliisimulia yote, kilima, hesabu, watu wazima waliogeuka. Aliisimulia akitazama mkeka. Alipofika kwenye maneno yenyewe aliyarudia, kwa sababu mara ya kwanza hayakusikika.

"Basi ni mimi," akamalizia. "Mimi ndiye niliyemfanya hivi. Sasa nimdunge dawa kwa kosa langu? Mtoto abebe mkononi kitu cha kuficha ubaya wangu mimi?"

Daktari hakusema kwamba si kosa lake. Bupe alimshukuru kwa hilo baadaye.

"Mimi nina mmoja wa miaka sita," Daktari alisema. "Namwambia awe mpole kila siku ya Mungu. Wa kwangu ananijibu hataki. Sonona haiji kwa neno moja, Mama Sekela, ingekuwa hivyo nchi nzima tungekuwa tumelala. Neno lako halikuileta. Linaweza kuwa limeificha, hilo sikatai. Mlezi anasikiliza sauti. Mtoto akijifunza kutotoa sauti, Mlezi hana la kusikia, na huu mstari unaweza kuwa uko chini kuliko unavyopaswa."

"Au uko sawa, na ni mtoto mwenye adabu tu."

"Au uko sawa. Hilo nalo linawezekana."

Hapo ndipo Bupe alipotamani ile mashine ya mwanzo, iliyokuwa na uhakika. Alitamani mtu amkemee, amwamrishe. Akisema ndiyo na kumbe mtoto ni mzima, atakuwa amemtia dawa kichwani ambayo hakuihitaji, kicheko chake kichelewe mpaka kiangazi, na siku akiwa mkubwa aulize kwa nini. Akisema hapana na kumbe anaumwa, atakuwa amemwambia mara ya pili yale maneno ya jioni ya tope. Safari hii kwa kidole.

"Hajalia tangu siku hiyo," alisema kwa unyonge. "Hata mara moja. Mtoto anayeumwa si angelia?"

Daktari alikuwa anapitisha sauti za nyumba yao kwenye kioo, akitafuta kitu. "Na huyu panya?" akauliza.

"Yupo chumbani. Ametushinda. Mama mkwe ameleta mpaka paka."

"Paka anasemaje?"

"Analala jikoni."

"Hapa naona anakuja jioni za darasa tu. Siku ukiwepo haji."

"Si panya hupenda kimya," Bupe alisema, na alipokuwa anasema akasikia kitu.

Kilikuwa kidogo, kikavu. Kilitoka pale pale mkekani. Krr. Sekela hakuwa amesogea. Alikaa vile vile, uso umetulia, gauni limefunika magoti, mtoto ambaye mama yeyote angejivunia. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshuka nyuma yake, na ukucha ulikuwa unapita juu ya chokaa ya ukuta, ukipanda, ukishuka. Krr, krr. Macho yalikuwa makavu. Kidevu peke yake ndicho kilichotetemeka, kwa mbali sana, kama maji kwenye kikombe gari likipita nje.

Bupe aliushika ule mkono. Akaugeuza. Kwenye kucha, weupe.

Alipiga magoti mbele ya mwanawe, akaweka uso wake karibu. Alitaka kusema mengi na yote yalikuwa ya kujitetea, akayaacha.

"Sekela," alisema. "Siku ile nilikukosea. Ulikuwa unanitaka, nikakwambia uwe mpole. Leo nakuomba usiwe mpole. Daktari anataka kujua kama unaumwa ndani, na mimi nataka kujua, na hakuna anayejua ila wewe. Sema chochote. Hata kama ni kibaya. Hata kama kitanitoa darasani."

Sekela akamtazama mama yake. Akamtazama Daktari. Akazitazama zile alama mbili kwenye kioo, ambazo alikuwa bado hajui kuzisoma, na kidole cha mama yake, ambacho kilikuwa kimeondoka juu ya kioo.

"Mama," akasema, kwa sauti ambayo Mlezi yeyote angeisikia, "hakuna panya, ni mimi nikilia."